Robert Bakewell: Mkulima aliyempima ng'ombe kwa nyama yake

Mgeni aliyekaribishwa katika nyumba ya Dishley Grange, jimbo la Leicestershire nchini Uingereza, katika miaka ya 1780, alikutana na maonyesho ambayo hakuyatarajia katika makazi ya mkulima. Ukumbini palikuwa na mifupa ya ng'ombe na kondoo iliyosafishwa na kuunganishwa tena, na kando yake vipande vya nyama vilivyohifadhiwa katika maji ya chumvi.

Havikuwekwa pale kwa pambo. Kila kipande kilitoka kwa mnyama aliyejulikana kwa nasaba yake, na mwenye nyumba aliweza kumwonyesha mgeni jinsi mfupa ulivyopungua na shahamu ilivyoongezeka kutoka kizazi cha babu hadi kizazi cha mjukuu.

Mwenye nyumba huyo alikuwa Robert Bakewell. Hakuwa na cheo, hakuandika kitabu, na hata shamba alilolilima halikuwa lake. Lakini swali alilolishughulikia maisha yake yote ndilo wanalojiuliza wafugaji wa ng'ombe wa nyama hadi leo, kuanzia Laikipia hadi Texas: ni aina ipi ya ng'ombe inayogeuza majani kuwa nyama kwa haraka zaidi, na nyama yenyewe ni ya namna gani?

Jibu alilolipata kwa upande wa kondoo lilimletea umaarufu na fedha nyingi. Kwa upande wa ng'ombe, jibu lake lilishindwa, na lilishindwa na watu waliojifunza kwake.

Mtoto wa mpangaji

Bakewell alizaliwa mwaka 1725 hapo hapo Dishley, karibu na mji wa Loughborough, kando ya mto Soar. Baba yake, ambaye naye aliitwa Robert, alikuwa mpangaji katika shamba la ekari zipatazo 440, na alikuwa na sifa ya kuwa mkulima hodari. Familia hiyo ilikuwa miongoni mwa Wakristo wasiofuata Kanisa rasmi la Uingereza, watu ambao wakati ule walifungiwa milango ya vyuo vikuu na ya vyeo vingi vya serikali. Vijana wengi wa jamaa hizo walielekeza akili zao katika biashara, viwanda na kilimo.

Akiwa kijana alisafiri sehemu nyingi za Uingereza, na inasemekana alifika pia katika nchi nyingine za Ulaya, akitazama namna watu wanavyolima na kufuga. Kufikia mwaka 1760 uongozi wa shamba ulikuwa mikononi mwake. Hakuoa. Dada yake, Hannah, ndiye aliyeitunza nyumba na kuwapokea wageni, ambao baadaye walikuwa wengi kupita kiasi.

Ili kuelewa alichokifanya, yafaa kukumbuka ng'ombe alikuwa nini katika Uingereza ya wakati huo. Alikuwa mtumishi kwanza, na kitoweo baadaye. Maksai alivuta jembe kwa miaka kadhaa, na jike alikamuliwa mpaka maziwa yakakatika. Ndipo mnyama alinenepeshwa kidogo, akaswagwa kwa miguu hadi soko la Smithfield mjini London, akiwa amezeeka na nyama yake imekuwa ngumu.

Tena, katika vijiji vingi malisho yalikuwa ya wote. Madume ya watu mbalimbali yalichanganyika na majike ya watu mbalimbali, na ndama alizaliwa bila mtu kuwa na hakika ya baba yake. Hali hiyo si ngeni kwa msomaji aliyekulia katika kijiji chenye malisho ya pamoja. Mfugaji aliyetaka kuchagua hakuwa na njia ya kuchagua.

Katika karne ya 18 mambo yalianza kubadilika. Mashamba mengi ya Uingereza yalizungushiwa ua na kuwa ya mtu mmoja mmoja, jambo lililowaumiza maskini waliotegemea malisho ya pamoja, lakini lililompa mwenye boma uwezo wa kuamua dume gani limpande jike gani. Wakati huo huo miji ya viwanda ilikuwa ikikua, na watu wake hawakuwa na ng'ombe wala kondoo. Walitaka kununua nyama.

Kuchagua, kutenga, kupandisha

Bakewell alianza kwa kutenganisha madume na majike, kila kundi mahali pake, na kupandisha kwa mpango. Kisha akafanya jambo ambalo wengi wa zama zake waliliona kuwa la kuchukiza au la hatari: alipandisha ndugu kwa ndugu, baba kwa binti, mwana kwa mama, ilimradi wanyama hao wawe na sifa alizozitafuta.

Imani ya wafugaji wengi ilikuwa kwamba damu lazima ichanganywe na damu ya mbali, la sivyo kizazi kitadhoofika. Bakewell aliamini kwamba kizaliwacho hufuata mzazi, na kwamba njia ya haraka ya kuimarisha sifa fulani ni kuirudia ndani ya ukoo mmoja, huku kila mnyama mwenye kasoro akipelekwa kwa mchinjaji bila huruma. Alikuwa sahihi kuhusu kasi ya njia hiyo, ingawa gharama yake aliitambua kidogo kuliko ilivyostahili.

Katika kuchagua mnyama hakutegemea macho peke yake. Alimpapasa kwa mkono, mgongoni, mbavuni na kwenye nyonga, apate kujua ulaini wa ngozi na namna nyama ilivyolala juu ya mfupa. Alipima pia chakula kilichoingia na uzito ulioongezeka, akawaweka wanyama wa aina mbalimbali bega kwa bega apate kuona ni nani anayelipa zaidi kwa kila mzigo wa nyasi, turnipu au kabichi aliolishwa.

Hapo ndipo alipopata hoja yake kuu. Ukubwa wa mnyama haukuwa kipimo kizuri. Ng'ombe mkubwa mwenye mifupa minene na tumbo pana alikula sana, akachukua miaka mingi kukomaa, na alipochinjwa sehemu kubwa ya uzito wake ilikuwa mifupa, matumbo, shingo na miguu, ambavyo mwuza nyama aliviuza kwa bei ya chini.

Bakewell alitaka uzito uhamie pale penye bei: kwenye sarara, mbavu na mapaja. Mnyama aliyemtamani alikuwa na kichwa kidogo, miguu mifupi, mifupa myembamba na kiwiliwili cha mviringo kama pipa. Zaidi ya yote, alitaka mnyama anayenenepa akiwa bado mdogo.

Shamba lenyewe lilipangwa kuhudumia lengo hilo. Alichimba mifereji iliyopeleka maji juu ya malisho ili nyasi ziote mapema na kwa wingi, na maji hayo hayo yakatumika kusukuma turnipu kutoka shambani hadi karibu na mazizi, zikifika zimekwisha kuoshwa. Alitenga vipande vidogo vya ardhi kwa majaribio, kimoja kikipata maji au mbolea na cha jirani kikiachwa kama kilivyo, ili mgeni ajionee tofauti.

Wageni walistaajabia pia upole wa mifugo yake. Kwingineko mafahali yalifungwa kwa minyororo na kupigwa kwa marungu, lakini ya Dishley yaliongozwa na mvulana mwenye fimbo nyembamba. Bakewell hakuruhusu mnyama wake kupigwa. Bila shaka ulikuwa utu, lakini palikuwa na hesabu ndani yake vilevile, kwa kuwa mnyama mwenye hofu haongezeki uzito.

Kondoo wa kukodishwa

Mafanikio yake ya kwanza yalikuwa kwa kondoo. Kutokana na kondoo wa kienyeji wa Leicestershire alitengeneza aina mpya, New Leicester, iliyokuwa tayari kwa soko ikiwa na umri wa miaka miwili, wakati kondoo wa kawaida alingoja hadi mitatu au minne.

Hakuwauza madume wake bora. Aliwakodisha kwa msimu mmoja tu. Mwaka 1760 alianza kwa bei ndogo sana, shilingi chache kwa dume mmoja, na majirani walimcheka. Kufikia mwaka 1789 madume watatu peke yao walimpatia guinea 1,200 kwa msimu. Guinea ilikuwa sarafu ya dhahabu yenye thamani ya pauni moja na shilingi moja, na kibarua wa shamba wa wakati huo asingezipata 1,200 hata kama angefanya kazi maisha yake yote.

Ukodishaji huo ulikuwa na faida iliyozidi fedha. Dume mmoja alipozaa katika makundi ya watu wengi, Bakewell alikwenda kuwatazama watoto wake waliolishwa majani tofauti na kuzaliwa na mama tofauti. Dume aliyezaa vizuri kila mahali alirudishwa Dishley kuwapanda majike wa nyumbani, na aliyezaa vibaya hakuitwa tena. Leo wataalamu huita kazi hiyo upimaji wa dume kwa watoto wake, na huifanya kwa kompyuta. Yeye aliifanya akiwa juu ya farasi.

Ng'ombe wenye pembe ndefu

Kwa ng'ombe, Bakewell aliichagua aina iliyokuwa imeenea katika majimbo ya kati ya Uingereza, Longhorn, ng'ombe wenye pembe ndefu zinazoinama kuelekea mashavuni. Alinunua mitamba kutoka kundi lililosifika la Canley, karibu na mji wa Coventry, na fahali kutoka Westmorland, kaskazini. Kutokana na hao alizaliwa fahali aliyeitwa Twopenny, yaani peni mbili, jina la dhihaka ambalo wanyama waliotokana naye walilifanya kuwa jina la heshima.

Damu ya Twopenny ilirudiwa mara kwa mara. Fahali mashuhuri kuliko wote wa ukoo huo, Shakespeare, aliyezalishwa na mfugaji Robert Fowler wa Rollright katika jimbo la Oxfordshire, alikuwa na damu hiyo kwa upande wa baba na kwa upande wa mama pia. Mwaka 1791 kundi la Fowler lilipopigwa mnada, bei zilizotolewa zilikuwa gumzo la nchi nzima.

Longhorn wa Dishley walikuwa tofauti na babu zao kwa namna ambayo hata mtoto angeiona. Mfupa ulikuwa umepungua, kiwiliwili kimejaa, na shahamu imejikusanya kwa wingi kwenye nyonga na mgongo. Walinenepa mapema na kwa chakula kidogo. Kwa kipimo alichokiweka mwenyewe, Bakewell alikuwa amefaulu.

Ila kipimo chenyewe kilikuwa chembamba. Wafugaji wa majimbo ya kati hawakuishi kwa nyama tu, kwani jibini ilikuwa sehemu kubwa ya kipato chao, na majike wa Longhorn walioboreshwa walitoa maziwa machache kuliko mama zao. Kulikuwa pia na malalamiko kwamba uzazi wao umepungua. Tena shahamu nyingi ilikuwa nje ya nyama, tabaka nene chini ya ngozi, badala ya kutapakaa ndani ya mnofu ambako huleta ulaini na ladha.

Lawama kuhusu shahamu ziliwahusu kondoo wake hata zaidi. Mabwana wenye meza nzuri walisema nyama ya New Leicester haiwezi kulika. Bakewell hakujitetea sana juu ya ladha. Msimamo wake ulikuwa kwamba anafuga kwa ajili ya umma, si kwa ajili ya mabwana. Wachimba makaa na wafanyakazi wa viwandani waliofanya kazi za sulubu walihitaji shahamu, kipande kidogo kikitosha kulainisha sufuria nzima ya viazi na mboga, na shahamu iliyobaki ilikuwa na soko la kutengenezea mishumaa. Hoja hiyo haikuwa ya uongo. Ilikuwa hoja ya wakati wake, na wakati ulipopita, hoja ilipita nayo.

Muflisi mwenye meza wazi

Kufikia miaka ya 1780 Dishley ilikuwa mahali pa kuhiji kwa wakulima. Arthur Young, mwandishi mkubwa wa kilimo wa Uingereza, alifika na kuisifu. Wana wa ukoo wa La Rochefoucauld walikuja kutoka Ufaransa, na wengine walitoka Ujerumani na Urusi. Farasi mweusi wa kazi aliyezalishwa hapo alipelekwa London na kuonyeshwa kwa Mfalme George wa Tatu.

Wageni walimkuta mtu mnene, mrefu, mwenye koti la kahawia, kizibao chekundu, suruali ya ngozi na buti ndefu. Aliwalisha wote bila kuwatoza, lakini hakubadili utaratibu wake kwa ajili ya mtu yeyote. Inasimuliwa kwamba usiku ulipofika saa nne na nusu alikung'uta kiko chake cha mwisho na kwenda kulala, hata kama mgeni aliyekuwa mezani alikuwa mtu wa ukoo wa kifalme.

Ukarimu huo, pamoja na gharama za majaribio, ulimfikisha pabaya. Mwaka 1776 alitangazwa muflisi. Kwa mpangaji asiye na ardhi yake mwenyewe, tangazo hilo lingeweza kuwa mwisho wa kila kitu: mifugo iliyochukua miaka kuchaguliwa ingetawanywa kwa wadai, na ukoo wa Twopenny ungeishia katika maboma ishirini au kwenye machinjio. Marafiki walichanga, mifugo ya kutosha ikaokolewa, na kazi ikaendelea.

Yaelekea misukosuko hiyo ndiyo iliyozidisha usiri wake. Hakupenda kueleza alivyopandisha wala kutaja asili ya wanyama wake wa kwanza. Wapinzani wake walidai kwamba kondoo wazee waliokuwa wakienda kuuzwa kwa wachinjaji aliwalisha kwanza katika mabonde yenye maji, wapate ugonjwa wa ini, ili mnunuzi asije akawazalisha kwa siri. Ikiwa ni kweli, ni doa lisilolingana na sifa yake ya kuwahurumia wanyama.

Katika miaka ya 1780 yeye na wakodishaji wenzake waliunda chama, Dishley Society, kilichoweka masharti makali juu ya nani akodishiwe dume, na kwa bei gani. Wasiokuwa wanachama walikiita ukiritimba, na ni vigumu kukitetea kwa jina jingine.

Wanafunzi waliompita mwalimu

Miongoni mwa waliokuja kujifunza walikuwa ndugu wawili wa Northumberland, Matthew na George Culley, ambao barua alizomwandikia George ndizo zimehifadhi sehemu kubwa ya kile kinachojulikana kuhusu mawazo yake. Mwingine alikuwa Charles Colling, mkulima kijana kutoka karibu na mji wa Darlington, kaskazini mashariki mwa Uingereza.

Colling aliichukua njia ya Dishley lakini hakuchukua ng'ombe wa Dishley. Yeye na ndugu yake Robert waliitumia kwa ng'ombe wa kwao wenye pembe fupi, Shorthorn, ambao walikua haraka, walikuwa na kiwiliwili kikubwa na, jambo lililokuwa muhimu mno, majike wao waliendelea kutoa maziwa. Mfugaji maskini aliyeweza kuweka ng'ombe wa aina moja tu hakuhitaji kufikiri mara mbili.

Bakewell alifariki dunia tarehe 1 Oktoba 1795, akiwa na umri wa miaka 70, na akazikwa katika kanisa dogo la Dishley. Shamba na mifugo vikaenda kwa mpwa wake, Honeyborn.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1798, wafuasi wake na marafiki wa Arthur Young walianzisha mjini London chama kilichokuja kuitwa Smithfield Club, kwa lengo la kushindanisha ng'ombe na kondoo wa aina mbalimbali kwa nyama yao na kwa chakula walichokula. Swali la Bakewell lilikuwa limetoka shambani kwake na kuwa la taifa.

Mwaka 1810 Charles Colling aliuza fahali aliyeitwa Comet kwa guinea 1,000, bei ambayo haikuwahi kusikika kwa ng'ombe. Comet alizalishwa kwa mtindo wa Dishley hasa, kwani fahali Favourite alikuwa baba yake na pia babu yake mzaa mama. Mwaka 1822 kitabu cha kwanza cha kuandikisha nasaba za ng'ombe wa Shorthorn kilichapishwa, na katika karne hiyo aina hiyo ilienea Marekani, Argentina na Australia. Kuhusu Longhorn walioboreshwa, William Youatt, daktari wa mifugo aliyeandika historia ya ng'ombe wa Uingereza mwaka 1834, alieleza jinsi walivyokuwa wakitoweka.

Kwingineko njia hiyo hiyo ilizaa aina nyingine. Wafugaji wa Hereford walipata ng'ombe mwekundu mwenye uso mweupe, anayenenepa kwa majani matupu. Katika mashariki mwa Scotland, Hugh Watson na baada yake William McCombie waliwaendeleza ng'ombe weusi wasio na pembe, Aberdeen-Angus, ambao nyama yao ilikuwa na kile kilichokosekana Dishley: shahamu iliyotapakaa ndani ya mnofu kwa nyuzi nyembamba.

Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya asili ya viumbe, alimtaja Bakewell kama mfano wa nguvu ya mwanadamu katika kuchagua. Alieleza pia habari ya makundi mawili ya kondoo wa Leicester, yote yakiwa na damu safi ya Dishley, ambayo baada ya miaka 50 katika mikono ya wafugaji wawili yalikuwa yametofautiana kiasi cha kuonekana kama aina mbili mbalimbali.

Mizani ya leo

Jaribio kubwa zaidi la kulinganisha aina za ng'ombe wa nyama lilianza mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Clay Center, katika jimbo la Nebraska nchini Marekani. Mafahali ya aina nyingi yalipandishwa kwa majike ya Hereford na Angus, na watoto wao wakalishwa pamoja, wakapimwa na kuchinjwa.

Matokeo yangemfurahisha na kumsumbua Bakewell kwa pamoja. Aina za Ulaya bara, kama Charolais na Limousin, zilitoa mnofu mwingi na shahamu kidogo, lakini zilichelewa kunenepa. Angus na wenzake wa Uingereza waliwahi kukomaa na kuwa na shahamu zaidi ndani ya mnofu. Watoto wa Brahman, ng'ombe mwenye nundu, walikua vizuri, lakini nyama yao ilikuwa ngumu zaidi kutafuna. Hakuna aina iliyoshinda kila kitu.

Katika awamu ya miaka ya 1990 aliingizwa pia Boran, ng'ombe wa Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, ambaye wenye ranchi za Kenya wamemchagua kwa miongo mingi kwa ajili ya nyama. Watoto wake hawakufikia uzito wa wale wa Brahman, lakini nyama yao ilikuwa laini zaidi.

Historia ya Boran yenyewe inaonyesha upande mwingine wa hesabu ya Dishley. Wazungu waliohamia Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 walileta mafahali ya Shorthorn na Hereford, wajukuu wa kazi ya Colling na wenzake, na mengi yaliangamia kwa ndigana kali na maradhi mengine ya kupe. Kasi ya kunenepa haikumsaidia mnyama ambaye hakuishi hadi siku ya kuchinjwa. Wafugaji wakalazimika kumrudia ng'ombe mwenye nundu aliyekuwapo tangu zamani na kumchagua kwa subira, kizazi baada ya kizazi.

Huko Dishley, kanisa alimozikwa Bakewell limebaki magofu. Ng'ombe wake, hata hivyo, hawakwisha kabisa. Longhorn wachache walihifadhiwa na wafugaji wenye mapenzi nao, na katika miaka ya 1970 walihesabiwa miongoni mwa aina adimu zinazohitaji kulindwa. Tangu wakati huo idadi yao imeongezeka. Katika shamba la Knepp, kusini mwa Uingereza, wameishi tangu miaka ya mwanzo ya 2000 porini mwaka mzima, bila turnipu wala kabichi, wakizaa wenyewe vichakani. Huuzwa kwa nyama yao, na wanunuzi huitafuta kwa ajili ya shahamu yake.